Ugomvi wa Chumvi

Palikuwa na ndugu wawili wa tumbo moja, dada na kaka, waliopatana kwa kila jambo isipokuwa chumvi. Dada aliishi Msambweni, karibu na wanapotia nanga wavuvi, na kazi yake ilikuwa kukausha samaki. Kaka, mdogo wake, aliishi Ukunda, na kila alfajiri alikwenda Diani kupika katika hoteli moja ya ufuoni. Dada akisema chumvi huikausha nyama. Kaka akisema chumvi huinywesha nyama maji. Kila walipokutana, iwe arusini au matangani, habari ya chumvi haikukosa kuzuka.

Nyinyi mnaosoma, nani kati yao ni mkweli? Msijibu upesi. Kwanza tumtembelee dada.

Mashua zikirudi, dada hununua nguru wakiwa bado wanang'aa. Humpasua samaki mgongoni kutoka kichwani hadi mkiani, akamkunjua mpaka awe bapa, akamtoa matumbo na matamvua, akamwosha damu yote. Kisha huchota chumvi ya mawe kwa viganja na kumsugua nayo kila mahali, hata kwenye mikunjo ambayo jicho haliioni. Akimaliza huwapanga ndani ya pipa: safu ya samaki, safu ya chumvi, safu ya samaki, safu ya chumvi.

Kesho yake ukifunua pipa lile utakuta maji. Dada hakutia hata kikombe kimoja. Maji yale yametoka ndani ya samaki wenyewe, yamevutwa na chumvi. Dada huwatoa, akawatandaza juu ya chanja, na jua la kaskazi na upepo wake humalizia kazi iliyobaki. Baada ya siku chache nguru amekuwa mgumu, ukimgonga analia ko! Huyo ndiye ng'onda. Anaweza kukaa wiki nyingi bila friji, kwa sababu vijidudu vinavyoozesha nyama vinahitaji maji ili viishi, na ndani ya ng'onda maji ni haba na chumvi ni tele. Wazee wetu walijua kazi hiyo kabla nguzo ya kwanza ya stima haijasimikwa Pwani.

Basi dada akisema chumvi hukausha, ana pipa zima la ushahidi.

Sasa twende Diani. Desemba ni mwezi wa shughuli nyingi hotelini. Wageni huja kutoka Nairobi, Uingereza, Ujerumani na Italia, na siku ya Krismasi wengi wao hutazamia kumwona bata mzinga mzima mezani, ngozi yake ya rangi ya asali. Kaka amewapika wengi, na ndege huyo anamjua tabia zake zote.

Mnamjua? Dume lake hujivimbisha manyoya, akatandaza mkia, akaburuta mbawa chini na kupiga kelele za gologolo kwa mtu yeyote anayepita. Kipande cha nyama laini huning'inia juu ya mdomo wake, na hubadilika rangi kichwani kadiri anavyokasirika au kujisifu. Jike lake hulalia mayai kwa siku 28, wiki moja zaidi ya kuku. Kwao asili ni Amerika. Watu wa nchi tunayoiita leo Mexico walikuwa wakimfuga zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Wahispania walimpeleka Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16, na huko akaanza kupanda mezani siku za sikukuu. Mwaka 1843 mwandishi Mwingereza Charles Dickens alitoa hadithi ya Krismasi ambamo tajiri mchoyo anageuka kuwa mkarimu, na mojawapo ya mambo ya kwanza anayofanya ni kuipelekea familia maskini bata mzinga mkubwa. Tangu hapo jina la ndege huyu na la Krismasi yamezidi kwenda pamoja.

Ila ndege huyu ana tatizo kwa mpishi. Kidari chake ni kikubwa, cheupe, na hakina mafuta mengi. Mapaja yake ni meusi kwa sababu ni misuli ya kutembea kutwa nzima, na yanataka moto wa muda mrefu ndipo yalainike. Ukingoja mapaja yaive vizuri, kidari kimekwisha kukauka na kila tonge linataka maji ya kulisukuma. Ukimtoa mapema kwa ajili ya kidari, mapaja bado yana ubichi. Hapo ndipo kaka anapoiita chumvi imsaidie.

Mwaka huo wa hadithi yetu, jirani yake kaka pale Ukunda, mama mmoja Mkristo aliyetoka bara, alikuwa na bata mzinga aliyemlea mwenyewe. Alitaka kuwaalika majirani wote chakula cha mchana cha Krismasi, Wakristo kwa Waislamu. Kama ilivyo desturi katika mitaa mingi ya Pwani, alimwomba kaka, aliye Mwislamu, amchinje yeye, ili pasiwe na mtu wa kusitasita mezani. Tarehe 23 Desemba kaka akamchinja kwa bismillahi, wakamnyonyoa kwa maji ya moto, wakamsafisha na kumlaza ndani ya friji usiku mmoja, maana nyama iliyochinjwa muda huo huo hukakamaa na haifai kuokwa papo hapo. Kwenye mizani alikuwa na kilo 6.

Jioni ya tarehe 24 dada akawasili kutoka Msambweni na furushi lake la ng'onda. Binti wa kaka akamkimbilia.

"Shikamoo shangazi!"

"Marahaba mwanangu. Baba yako anahangaika na nini pale uani?"

"Anamtia bata mzinga ndani ya maji ya chumvi. Atalala humo mpaka asubuhi."

Dada akaweka furushi chini, akacheka mpaka akashika kiuno. "Haya! Mwaka huu majirani watakula ng'onda yenye mbawa."

"Dada," akasema kaka bila kuinua kichwa, "tumebishana kwa mdomo miaka mingi. Leo mizani ipo."

Akaleta vidari viwili vya kuku, kila kimoja gramu 200. Kimoja akampa dada. "Hiki kifanye unavyofanya samaki wako." Dada akakifukia ndani ya bakuli la chumvi ya mawe, kikapotea kabisa. Cha pili kaka akakiweka kando, kingojee kuingia ndooni pamoja na bata mzinga.

Kisha akaanza kupima. Maji lita 8. Chumvi laini pakiti moja ya nusu kilo. Hesabuni wenyewe: gramu 500 ukizigawa kwa 8 unapata gramu 62 na nusu kwa kila lita. Sukari akatia nusu ya kipimo cha chumvi, gramu 250, ili ipunguze ukali wa chumvi na baadaye isaidie ngozi kupata rangi. Hakupima kwa vijiko, kwa kuwa kijiko cha chumvi laini hubeba chumvi nyingi kuliko kijiko cha chumvi ya mawe, ambayo punje zake huacha nafasi katikati. Mizani haidanganywi na punje.

Lita 2 kati ya zile 8 alizichemsha na chumvi, sukari, mdalasini, karafuu, pilipili manga, tangawizi na maganda ya ndimu, mpaka chumvi ikayeyuka yote. Akaziacha zipoe kabisa ndipo akazichanganya na lita 6 zilizokuwa zimelala kwenye friji.

Binti alikuwa akiwaza. "Baba, kwa nini usichote maji ya bahari? Yana chumvi tayari, na hayauzwi."

Swali zuri hilo. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi katika kila lita, karibu nusu tu ya kipimo cha kaka. Isitoshe, maji ya ufuoni hubeba mchanga na uchafu wa kila namna, na anayeloweka nyama hataki wageni asiowajua. Hata hivyo binti hakuwa mbali na ukweli. Chumvi nyingi ya Kenya hutengenezwa kwa maji ya bahari hii hii yetu, kule Gongoni na Marereni, kaskazini ya Malindi. Maji huingizwa kwenye mabwawa mapana yenye kina kifupi, jua na upepo huyakausha, na chumvi hubaki chini, ikakwanguliwa. Baadaye husafishwa na kutiwa madini ya joto ili watu wasipate uvimbe wa shingo. Kwa hiyo nguru wa Msambweni na bata mzinga wa Ukunda wote walikuwa wakihudumiwa na bahari ile ile.

Kaka akamtumbukiza ndege na kidari cha kuku ndani ya ndoo safi ya plastiki yenye kifuniko, maji yakawafunika. Sasa likabaki jambo moja ambalo mpishi wa Pwani hana ruhusa ya kulisahau: joto. Desemba yetu si Desemba ya Ulaya. Usiku wa kaskazi uani huwa na joto la nyuzi 25 au zaidi, na vijidudu vya nyama mbichi hupenda sana hali hiyo. Maji haya ya chumvi si makali kama pipa la dada. Hayawezi kuzuia uozo peke yake. Nyama ikilowekwa inatakiwa ikae kwenye baridi isiyozidi nyuzi 4, usiku mzima. Ndoo haikuingia kwenye friji ya jirani, kwa hiyo kaka akaitia ndani ya sanduku la barafu la wachuuzi wa samaki, akaizungushia barafu pande zote. Ndani ya ndoo yenyewe akatia chupa mbili za maji yaliyogandishwa, zikiwa zimefungwa vizuri. Kwa nini chupa na si vipande vya barafu? Kwa sababu kilo moja ya barafu ikiyeyuka ni lita moja ya maji, na kipimo chote cha chumvi kingeharibika.

Ilikuwa saa 12 jioni. Wakalala.

Saa 2 asubuhi siku ya Krismasi, wote wakazunguka mizani. Kidari cha dada kikafukuliwa. Kilikuwa kimekunjamana, kimekaza, na bakuli lina maji chini. Kikapimwa: hakikufika hata gramu 180. Dada akatabasamu. Kikaletwa cha ndooni, kikafutwa, kikawekwa kwenye mizani. Gramu 212. Tabasamu likasita. Bata mzinga naye, baada ya kuchuruzwa na kufutwa, alikuwa ameongezeka zaidi ya gramu 300.

Chumvi moja, usiku mmoja, nyama ya namna moja. Kimoja kimekonda, kimoja kimenenepa. Imekuwaje?

Chukueni kamba ya usumba mfumue mwisho wake. Ndani ya kamba mna nyuzi, na ndani ya kila uzi mna nyuzi nyembamba zaidi. Nyama imejengwa hivyo hivyo, ila nyuzi zake ni za protini na katikati yake yamekaa maji. Ukiitia nyama motoni, nyuzi hujikaza na kuyakamua maji nje. Ndiyo maana nyama ikipikwa kupita kiasi huwa kavu hata kama imechemshwa ndani ya maji.

Chumvi ikiwa ya kiasi, kama ile gramu 60 hivi kwa lita, huingia polepole mpaka katikati ya nyuzi zile. Ikifika, nyuzi husukumana na kuachana, nyingine hulegea na kuyeyuka kidogo, na nafasi kati yake hupanuka. Maji hufuata ndani na kushikwa humo. Halafu nyama ikienda motoni, nyuzi zilizolegezwa hazina tena nguvu ya kukamua kama zamani. Bado maji kiasi yatapotea, lakini kwa kuwa yameongezwa kabla na yanashikwa vizuri zaidi, yanayobaki yanatosha kukifanya kidari kiwe laini.

Chumvi ikizidi mno mambo hugeuka. Kidari kilichofukiwa ndani ya chumvi tupu kimezungukwa na nguvu kubwa ya kuvuta maji, na maji hukimbilia nje kuliko na chumvi nyingi. Nyuzi hushikamana, hujibana, na nyama hukakamaa. Kwa samaki wa kuhifadhiwa hilo ndilo linalotakiwa. Kwa ndege wa sikukuu ni msiba.

Dada alisikiliza yote, akasema, "Uzito ni uzito. Nionjeshe kwanza."

Basi kazi ya kuoka ikaanza. Maji ya ndoo yakamwagwa yote. Hayatumiki mara ya pili wala hayatiwi kwenye mchuzi, kwa sababu yamekaa na nyama mbichi. Mikono ikaoshwa kwa sabuni, na meza pia. Kaka akamkausha ndege kwa taulo za karatasi, nje na ndani, akamrudisha kwenye friji bila kumfunika kwa saa moja na nusu. Ngozi iliyolowa haibadiliki rangi: moto hutumia nguvu zake kukausha maji kwanza, na ngozi huishia kuchemka. Ngozi kavu hupata joto kali, na hapo ndipo rangi ya kahawia na ile harufu inayowatoa watu vyumbani huzaliwa.

Akapondaponda kitunguu saumu na tangawizi, akachanganya na samli, bizari na pilipili manga, akampaka ndege mwili mzima na nyingine akaipenyeza chini ya ngozi ya kidari. Mkono wake haukugusa kopo la chumvi. Tumboni akatia vitunguu viwili na ndimu iliyokatwa, basi. Tumbo lililoshindiliwa chakula huchelewa kuiva katikati. Akafunga miguu kwa uzi, akafunika kidari kwa foili ili kisitangulie mapaja.

Saa 4 kamili ndege akaingia kwenye oveni ya gesi ya jirani, joto nyuzi 165. Baada ya saa mbili foili ikaondolewa. Binti akapewa kazi ya kuchungulia kupitia kioo, na akaonywa asifungue mlango kila dakika, kwa kuwa kila ukifunguliwa joto hutoroka.

Na nyumba isiyo na oveni je? Ipo njia ya bibi zetu. Mkate ndege vipande, vilowekwe vile vile lakini kwa saa chache tu, nne hivi, kisha vipange ndani ya sufuria zito lenye samli. Weka mkaa kidogo chini na mwingi juu ya kifuniko, kama wanavyopalia wali. Moto wa juu ndio unaokausha ngozi na kuipa rangi.

Ilipokaribia saa 7 na nusu, kaka akachukua kipimajoto chenye sindano ndefu, akakidunga kwenye sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa, kisha kwenye kidari. Ndege wa aina yoyote ni salama kuliwa akifika nyuzi 74 ndani kabisa. Paja lilikuwa limevuka 80, kidari 75. Wakamtoa.

Watoto wakasogea na sahani. "Bado," akasema kaka. Ndege aliyetoka motoni hukatwa baada ya nusu saa. Mkikata papo hapo, maji ya nyama ambayo bado ni mepesi kwa joto humwagika ubaoni. Ndege akipoa kidogo, maji hayo huwa mazito na kutulia ndani. Wakati huo kaka akachukua mafuta na maji yaliyochuruzika kwenye trei, akaengua mafuta, akatia tui la nazi na kuyachemsha kuwa mchuzi. Aliuonja kabla ya yote, na akagundua hautaki chumvi hata chembe, kwani ndege alikuwa ameshaitoa ya kutosha. Jirani naye akapakua pilau.

Dada akapewa kipande cha kidari, sehemu ile ile ambayo kwa kawaida hukauka. Akatafuna. Akanyoosha sahani aongezwe kabla hajasema neno. Kisha akasema, "Haya, nimeona. Lakini ungemwacha ndani ya ndoo siku tatu?"

"Angekuwa chumvi tupu, halali yako wewe," kaka akajibu.

"Na mimi nikimtia nguru wangu kwenye maji yako ya gramu 60?"

"Ataoza kabla ya Ijumaa."

Hivyo ndivyo walivyopatana. Kila mmoja alikuwa anasema kweli ya kipimo chake, na hakuna aliyekuwa amemuuliza mwenzake anatia chumvi kiasi gani.

Nanyi msiniamini kwa sababu nimesema. Mkiwa na mtu mzima jikoni, chukueni vidari viwili vya kuku vyenye uzito sawa. Yeyusheni gramu 30 za chumvi katika nusu lita ya maji baridi, mtie kidari kimoja humo ndani ya friji kwa saa mbili. Kingine kikae friji hiyo hiyo bila kitu. Vifuteni, mvipime, mwandike uzito wake. Kisha viokeni pamoja mpaka vifike nyuzi 74, mvipime tena. Mtakuwa na namba nne kwenye karatasi, na midomo yenu itaamua kipi kitamu. Kama mlinunua kuku au bata mzinga aliyegandishwa dukani, someni kwanza maandishi ya mfuko: baadhi yao huuzwa wakiwa wameshatiwa maji ya chumvi kiwandani, na ndege wa namna hiyo mkimloweka tena mtashindwa kumla, labda mumpelekee dada Msambweni.